Chupa Mbili kwenye Jamvi la Mpunga

Siku niliyopanda boti kwenda kwa mama, Maparoni, kijijini kwetu kwenye delta, mkobani nilikuwa na fomu ya kusitisha masomo iliyojazwa kila kitu isipokuwa sahihi yangu, na chupa mbili ndogo za kioo nilizozifunga kwa foili, ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Ndani ya chupa mlikuwa na unga wa rangi ya chungwa. Ukiuchanganya wote haujazi kijiko cha chai. Unga huo ulikuwa umenila miaka miwili, na nilikuwa nakwenda kumwambia mama kwamba umenishinda.

Mimi ni mwalimu wa kemia, sekondari, Kibiti. Nilipewa ruhusa ya kwenda kusoma shahada ya pili Dar es Salaam, na msimamizi wangu, profesa mpole kwa watu na mkali kwa namba, alinipa kazi moja: nitengeneze molekuli mpya, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitengeneza, iwe fuwele kimiminika na iwe inatii mwanga. Nikishindwa kuyaonyesha mambo hayo mawili, hakuna shahada. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu.

Jina la fuwele kimiminika linatisha kuliko kitu chenyewe. Chukua molekuli ndefu, nyembamba kama vijiti. Zikiwa zimeganda, zimepangana na hazisogei. Zikiyeyuka kabisa, kila moja inaelekea kwake. Lakini zipo chache ambazo, katikati ya hali hizo mbili, zinatiririka kama maji huku bado zote zimeelekea upande mmoja. Hizo ndizo zinazoandika namba kwenye kikokotoo. Molekuli yangu ilikuwa na nyongeza. Katikati ya kijiti kuna naitrojeni mbili zilizoshikana, na mwanga wa zambarau ukizipiga, kijiti kinajikunja kama kiwiko. Ukikitoa kwenye mwanga ule, baada ya muda kinanyooka chenyewe. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliipenda kama mtu anavyompenda mtu, na kama mapenzi mengine mengi, sikuuliza itanigharimu nini.

Hatua ya kwanza ya kuitengeneza lazima ifanyike chini ya nyuzi tano za joto. Ukizembea ikapanda, chupa inatoa mapovu, naitrojeni inatoroka hewani, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Mashine ya barafu ya maabara ilikuwa imekufa kabla sijafika, kwa hiyo kila nilipotaka kuanza nilikwenda soko la samaki na ndoo, nikanunua barafu kwa wauza pweza. Maabara nzima ikanuka kitoweo. Wenzangu walinitania kwamba molekuli yangu ikikamilika tutaikamulia ndimu. Niliinamia ile barafu nikidondosha dawa tone baada ya tone, kisha nikaumimina mchanganyiko kwenye fenoli, dawa ya pili, na papo hapo maji yasiyo na rangi yakawa mekundu ya chungwa lililoiva. Mara ya kwanza nilipiga ukelele, mtu akaja mbio akidhani nimeungua.

Baada ya hapo ni kuchemsha mchana kutwa ili kuibandika molekuli mkia wake wa pili, kuchuja kwenye unga mweupe wa silika, kuyeyusha kwenye spiriti ya moto na kuacha ipoe igande upya. Mara sita nilikosea. Mara ya saba nikapata unga safi, nikaugawa kwenye chupa mbili ili moja ikivunjika nisife moyo. Niliamini kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Unga kama ule hupimwa kwa hadubini maalumu yenye kibao cha kupasha joto. Fuwele kimiminika chini ya hadubini hiyo huonekana na rangi zinazocheza, na kimiminika cha kawaida huonekana cheusi tii. Mwongozo niliorithi pale maabara ulisema: pasha kibao hadi nyuzi sitini, weka sampuli, kisha panda polepole. Ulikuwa mwongozo mzuri, ulioandikwa na watu makini wa nchi za baridi, kwa ajili ya ndugu za molekuli yangu ambao wote huyeyukia juu ya sitini. Niliufuata kama ninavyowataka wanafunzi wangu wafuate maelekezo. Sampuli yangu ikiguswa na sitini, imeshayeyuka, nyeusi. Nikipanda, nyeusi. Zamu yangu ilikuwa saa moja, na mwenye zamu inayofuata tayari amesimama mlangoni anakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa, basi nazima, natoka. Mara kumi na moja, nyeusi. Msimamizi alikuja akatazama naye, akavua miwani, akasema imeruka moja kwa moja kutoka kuganda hadi kuwa maji, hutokea, si kosa lako. Hilo la si kosa lako liliniuma kuliko lawama.

Meza yangu akapewa mwanafunzi mwingine. Nilitakiwa nizikabidhi chupa stoo, nami nikazitia mkobani. Najua ni makosa. Mwanafunzi wangu akinifanyia hivyo namfungia mlango wa maabara wiki nzima. Lakini sikuwa na moyo wa kuziacha kwenye rafu ya vitu vilivyoshindikana.

Ijumaa hiyo nilishuka Kibiti, nikachukua bodaboda hadi gatini, nikangoja maji yajae. Boti ikaondoka na magunia, mabati na matenga ya kuku. Tulipokata kona ya kuingia mto mkubwa, upepo ukatupiga ubavuni, maji yakaingia ndani, na mkoba wangu uliokuwa chini ukaogelea pamoja na ndala za watu. Sikujisumbua hata kuuinua. Mtu aliyeshindwa huwa na uvivu wa aina yake.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Mama alikuwa shambani, kwenye dungu letu, kibanda cha juu ya nguzo tunachohamia msimu wa mpunga ili tuwe karibu na shamba na mbali na maji. Aliponiona nachuruzika alishika kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lo, umeloa hivyo! Panda juu ukalale, huo mkoba niachie mie."

Nilikuwa sijapata usingizi wa maana wiki nzima. Nilibadili nguo, nikajitupa kitandani, nikalala fofofo.

Sisi watu wa delta tuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote: chochote kinachotoka botini kimeloa huanikwa, kabla hata hakijaulizwa ni cha nani. Mgeni akifika amelowa, vitu vyake hutolewa mkobani na kutandazwa juani, nguo, madaftari, sabuni, dawa za kikohozi, vyote. Hakuna anayeomba ruhusa wala hakuna anayehisi ameingiliwa. Ndivyo tunavyomwambia mtu karibu. Nimekulia humo, na miaka miwili ya maabara ilikuwa imenisahaulisha.

Niliamka kesho yake, Jumamosi, jua la saa saba. Chini, mbele ya dungu, jamvi kubwa lilikuwa limetandazwa mpunga, na mama anapita katikati yake akiugeuza kwa miguu, taratibu, kama anavyofanya siku zote. Ukingoni mwa jamvi niliona nguo zangu. Niliona kitabu changu kimefunguliwa katikati. Niliona ile fomu, imenyooshwa vizuri, na kila pembe imewekewa jiwe isipeperuke. Kisha nikaziona chupa zangu mbili zimesimama uchi jamvini, na foili zake zimepanguswa nazo zimeanikwa pembeni.

Ngazi niliishuka kwa pumzi moja.

"Mama! Umefanya nini? Hivi havianikwi! Hivi havitakiwi kuona jua kabisa! Umeniharibia maisha!"

Mama alisimama, mpunga umemfika vifundoni. "Kitu kimeloa, mwanangu. Ulitaka nikifanyeje?"

"Ungeniuliza!"

"Ulikuwa umelala."

Nikasema neno ambalo sitaliandika hapa. Halikuwa tusi, ila maana yake ilikuwa kwamba mtu asiyesoma asiguse vitu vya waliosoma. Mama alijifunga upya khanga kiunoni, akaenda jikoni, akaanza kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Aibu ilinifikia upesi kuliko nilivyotegemea. Mwanamke yule alikuwa amenilea kwa shamba hili hili, na kijiji kizima alikuwa amekitangazia kwamba binti yake yuko Dar anatengeneza dawa, ingawa nilimwambia mara mia si dawa. Na hasira yangu yenyewe haikuwa na haki. Nimekuja na fomu ya kuacha. Kulikuwa na nini tena cha kuharibu?

Niliziokota zile chupa ili nizifiche, nisizione. Hapo ndipo nilipoona.

Zote mbili unga ulikuwa umeyeyuka. Moja ilikuwa imesimama juani moja kwa moja, na ndani yake kulikuwa na kimiminika angavu, rangi ya chai ya rangi. Nikiiinamisha naona kidole changu upande wa pili wa kioo. Nyingine ilikuwa imefunikwa na kivuli cha gunia lililosimama kando. Nayo ilikuwa imeyeyuka, inateleza ukutani mwa chupa, lakini ilikuwa na ukungu mzito, kama chai ya maziwa.

Kimiminika safi hakina ukungu. Kikiwa nao ilhali ni safi, maana yake ndani mna mpangilio, vijiti vimeelekea upande mmoja na vinautawanya mwanga. Kila kitabu cha somo hili huanza na dalili hiyo, ukurasa wa kwanza. Nikakaa chini, juu ya mpunga wa mama.

Sitini! Siku zote nilikuwa naanzia sitini. Maabara ya Dar ilikuwa na kiyoyozi kinachopuliza nyuzi ishirini kwa ajili ya afya ya mashine, na unga wangu ulikuwa unakaa humo umeganda. Kisha naunyakua kutoka ishirini naurusha hadi sitini. Joto la mchana la Maparoni, joto la kukaushia nguo na mpunga, ndilo nililolivuka mara kumi na moja bila kulitupia jicho. Nimezaliwa ndani ya joto hilo, na haikunijia kwamba linaweza kuwa namba ya kuandikwa kwenye daftari.

Lakini mwalimu wa kemia ndani yangu naye akaamka, na ni mtu mgomvi. Ile ya juani imekuwa angavu kwa sababu ya mwanga, au kwa sababu ya joto tu? Joto likizidi kidogo linatosha peke yake kuvuruga vijiti. Ilitakiwa chupa zote mbili ziwe kwenye joto moja, moja ione mwanga na nyingine isione. Nilihitaji beseni, maji, kipimajoto na mtu wa kunisaidia. Mtu alikuwa mmoja tu, na alikuwa jikoni amenipa mgongo.

Nikaenda nikapiga magoti mlangoni.

"Mama, nisamehe. Nimekutolea maneno ya hovyo."

"Nimeyasikia."

"Nisamehe mama."

Akasogeza kuni. "Nimekusamehe toka uko kwenye ngazi. Sasa niambie nilichoharibu, maana mie nimelaumiwa na kosa silijui."

Nikamwambia yote, nimekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Nilimwambia habari ya vijiti, na kwamba mwanga unavikunja, na kwamba vichache vikijikunja vinawavuruga wenzao wote.

"Kama mzigo wa kuni," akasema mama. "Ukitia mmoja uliopinda, mzigo haukai."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Sasa hilo nalo lilikuwa la kunificha miaka miwili?" Akanitazama. "Na ile karatasi niliyoiwekea mawe?"

"Ni ya kuacha shule, mama. Nimeshindwa kuonyesha kwamba inafanya kazi. Mwisho ni Jumatatu."

Alitupa jicho upande wa jamvini. "Ningejua, nisingeiwekea mawe."

Nilicheka na machozi yakanitoka hapo hapo, na mama akanipa upande wa khanga yake nijifute.

Kipimajoto tulikiazima kwa muuguzi wa zahanati, dada mmoja wa kutoka Iringa ambaye mama humpelekea mchele naye humletea mama magazeti ya kufungia vitumbua. Kilikuwa kile cha kupimia homa. Akaniuliza nani anaumwa, nikamwambia beseni, akanitazama kwa huruma. Kipimajoto cha homa husoma kati ya thelathini na mbili na arobaini na mbili, chini ya hapo au juu ya hapo kinagoma. Kwa kazi yoyote ya maabara ni kichekesho. Kwa kazi yangu siku ile sikuhitaji namba nyingine hata moja.

Saa nane na nusu tuliweka beseni la maji juani. Chupa moja niliivika foili yake, nyingine nikaiacha wazi, nikazisimamisha zote mbili majini baada ya kuzipumzisha gizani hadi zikaingia ukungu sawasawa. Mama alichuchumaa na kipimajoto, akisoma kwa sauti ya kuita mnada.

"Thelathini na saba na nusu. Huyu ana homa kidogo."

"Yaache hapo hapo, mama. Yakishuka ongeza ya moto, yakipanda ongeza ya mtungini."

Tulisubiri. Kimiminika cha chupa iliyo wazi kilianza kutakata pembezoni, palipo chembamba, kisha ukungu ukarudi nyuma polepole, na upande uliotazama jua ukawa angavu. Nikaivua ile nyingine foili. Ukungu mtupu, chai ya maziwa. Maji yale yale, homa ile ile.

Nilitaka kurukaruka. Mama hakutikisika. Miaka yote ameuza mpunga kwenye mizani ya watu, na hauamini mzani mpaka mzigo umepimwa mara mbili.

"Sasa badilisha," akasema. "Isije ikawa chupa yenyewe ndiyo yenye tabia hiyo."

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hunichukua muhula mzima kuwafundisha sentensi hiyo. Tulizitia zote mbili majini, tukafunika beseni kwa sinia, tukaenda kuukusanya mpunga kabla umande haujaanza. Kila baada ya muda mama alikuwa anakwenda kupima homa ya beseni na kuongeza maji ya moto, kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Tulipofunua sinia, ukungu ulikuwa umerudi kote kote. Molekuli zangu zilikuwa zimejinyoosha zenyewe, gizani, bila kusaidiwa na mtu. Tukabadilisha foili. Jua la saa kumi lilikuwa limelegea na kazi ilichukua muda mrefu zaidi, lakini ile iliyokuwa imefichwa mwanzo sasa ikawa angavu, na ile ya mwanzo ikabaki na ukungu wake.

"Haya," akasema mama, akakipangusa kipimajoto kwa makini. "Sasa nimekubali."

Mtandao wa simu kwetu unapatikana mahali pamoja, kwenye tuta karibu na kivuko. Nikampigia msimamizi wangu. Nilimweleza kwa haraka hadi nikameza maneno.

"Umeona kwa macho?" akauliza.

"Kwa macho, profesa. Mara mbili, na tumebadilisha chupa."

"Macho si hadubini. Jumatatu asubuhi uwe hapa na chupa zako." Kisha akaongeza: "Na fomu uje nayo pia."

Nilimrudishia mama maneno hayo kama yalivyo. Nilidhani atanipa moyo tu. Badala yake alianza kutwanga mpunga mpya kwenye kinu.

"Nakwenda na wewe," akasema.

"Mama, kufanya nini?"

"Umechukua vitu vya watu bila ruhusa, na mie nimevifungua nikavianika. Lazima mkubwa wako aombwe radhi. Mzazi haombi radhi kwa simu."

Nilimweleza kwamba kuanika kwake ndiko kumeniokoa. Nilimweleza kwamba chuo kikuu hakiendi hivyo. Nilimwambia profesa hatajua hata afanyeje na mchele. Aliendelea kutwanga. Mambo mengine mama huyasikia na mengine huyaacha yapite, na anayeamua ni yeye.

Jumapili tukavuka, tukalala Kibiti kwenye chumba changu, na alfajiri ya Jumatatu tukapanda basi la kwanza. Mama alikuwa amevaa khanga zake za sikukuu, na kilo tano za mchele mpya mapajani. Chupa zilikuwa kifuani mwangu, ndani ya foili, ndani ya kitambaa, ndani ya soksi. Fomu ilikuwa mkobani. Nilianza kujiuliza kama ukungu ule haukuwa uchafu tu ulioingia, au unyevu, au tamaa yangu mwenyewe.

Tulifika maabara kabla ya msimamizi. Fundi wa maabara alisema yuko kwenye kikao, atatoka muda si mrefu. Mama akaketi kwenye stuli, akajitanda khanga ya pili kwa baridi ya kiyoyozi. "Ndiyo maana vilikuwa havitaki," akaniambia akitazama juu kinakopulizia. "Humu hata mie nimeganda."

Hadubini ilikuwa haina mtu. Nikatoa chembe ndogo, nikaiweka kati ya vioo viwili, nikaweka kwenye kibao. Safari hii nilianzia ishirini na tano. Nikamwomba Mungu kwa sauti. Thelathini, imeganda. Thelathini na mbili, imeganda. Kwenye thelathini na tatu kingo zilianza kulegea, kisha ganda lote likayeyuka kwa mara moja, na badala ya weusi niliouzoea zikajaa nyuzi za rangi, dhahabu, kijani, waridi, zikijipinda na kutiririka na kupishana. Nikawasha taa ndogo ya zambarau. Rangi zikafifia, zikafa, pakawa giza. Nikaizima, nikaacha ile ya kawaida ya manjano, na kidogo kidogo nyuzi zikaanza kuzaliwa upya.

Niliinuka nimelowa uso mzima. Mama alidhani imeharibika. Aliinuka na mfuko wa mchele, tayari kwa kazi yake ya kuomba radhi.

"Hapana mama. Njoo uone."

Ilinichukua muda kumweka sawa, maana alikuwa anafumba jicho lisilotakiwa. Kisha akatulia. Nikamwona anashika ukingo wa meza. Nikawasha zambarau, nikazima, nikawasha, nikazima.

"Ndiyo hiyo niliyoianika?" akauliza hatimaye, jicho lake bado liko pale pale.

"Ndiyo hiyo."

"Nani mwingine ameiona hivi?"

"Hakuna mama. Mimi, na sasa wewe."

"Hapa chuoni?"

"Duniani. Haikuwepo kabla sijaitengeneza."

"Hata wale wa nchi za baridi walioandika ule mwongozo?"

"Hata wao."

Mlango wa ukumbi wa vikao ulifunguliwa, nikasikia hatua na sauti ya msimamizi wangu kwenye korido, anakuja. Nilitaka kukimbia nimlaki nimvute mkono. Mama alinikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu, bila kuinua uso.

"Ngoja kwanza," akasema. "Usimwite bado."